Mwacheni Daktari Asome

Kuna jambo limenikaa kooni siku nyingi, na leo nalitema hata kama litamkera mtu. Hapa kwetu Kaskazini Mashariki, kuanzia Garissa mpaka Mandera, kijana akihitimu udaktari huhesabiwa kuwa kazi ya kusoma imekwisha. Siku ya joho wazee huchinja. Kesho yake huanza kumpangia: wadogo zake wa kusomesha, ngamia wa mahari, mchango wa mjomba anayewania kiti cha wadi. Akithubutu kutamka kwamba anataka kurudi chuoni akawe bingwa wa magonjwa ya kuambukiza, huulizwa kwa mshangao, “Unasoma nini tena, na wewe ni daktari?” Mama hulia. Baba hunyamaza, na kunyamaza kwa baba ni hukumu.

Wazee wangu, elimu haina mwisho. Mliotufundisha hayo ni nyinyi wenyewe. Kumzuia kijana huyo ni kuchinja ngamia mwenye mimba kwa karamu ya usiku mmoja.

Najua safari ni ndefu. Ni miaka sita ya chuo, mwaka wa kazi chini ya uangalizi, kisha miaka ya shahada ya uzamili katika tiba ya magonjwa ya ndani, na mwisho miaka miwili ya ubingwa wenyewe, ambao sasa hufundishwa hapa hapa Kenya, katika Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Aga Khan. Lakini mvumilivu hula mbivu, na kama kuna watu duniani wanaojua kuvumilia, ni wafugaji wa nchi hii kavu.

Tena sisi si watu wa kusimuliwa maradhi. Mvua za El Niño za mwaka 1997 zilituachia mafuriko, na nyuma ya mafuriko ikaja homa ya Bonde la Ufa. Mayai ya mbu huweza kulala miaka katika udongo wa mabonde yetu, maji yakifika yakaanguliwa. Mbu wakauma mifugo, na mchinjaji akaipata homa katika damu ya mnyama. Mwishoni mwa 2006 ikarudi, ikaanzia Garissa, soko la mifugo likafungwa, na Kenya ikazika zaidi ya watu 150. Mwaka 2000 na 2001 kala-azar, homa inayoenezwa na usubi, ilipita Wajir na Mandera. Mwaka 2016 chikungunya iliilaza Mandera mjini, hata wahudumu wa afya wengi wakawa wagonjwa pamoja na wagonjwa wao. Kipindupindu nacho kikaingia mwaka huo huo. Sijataja polio ya Dadaab ya 2013.

Sasa mtu wa Kutulo, pale njiani kati ya Wajir na Elwak, akishikwa na homa, nani atajua ni ipi? Malaria ina homa. Kala-azar ina homa, na wengu huvimba taratibu huku mgonjwa akimeza dawa za malaria mwezi baada ya mwezi. Bruselosi, ile ya maziwa mabichi, ina homa na maumivu ya viungo. Kuzitenganisha, kujua nani atengwe na wenzake na nani apelekwe wodi ya kawaida, kujua dawa gani itoshe na kwa siku ngapi (kala-azar peke yake ni sindano za siku 17), hiyo ndiyo kazi ya bingwa huyu. Leo mlipuko ukitokea, damu husafirishwa hadi taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, Nairobi, na mgonjwa hubaki akingoja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Daktari aliyelelewa penye vichuguu na usubi wetu hatahitaji kuonyeshwa mara mbili.

Mtasema serikali italeta madaktari. Ilileta. Mwaka 2018 walikuja madaktari 100 wa Kuba, na Aprili 2019 wawili wao wakatekwa Mandera mjini wakielekea kazini, askari aliyewalinda akauawa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Na dini je? Elimu ya tiba ni faradhi ya kifaya: asipopatikana wa kuisimamia, dhambi ni ya mji mzima. Imamu Ghazali, zaidi ya miaka 900 iliyopita, alilalamika kwamba watu wanasongamana katika fiqhi na mabishano huku miji ikikosa tabibu Mwislamu. Angefika kwetu leo asingebadili neno. Aliyetubebea faradhi hiyo Wajir alikuwa Mwitaliano Mkristo, Annalena Tonelli, aliyesomea sheria. Kuanzia mwaka 1976 aliwakusanya wafugaji wenye kifua kikuu katika manyatta, wakakaa hapo wakimeza dawa mbele ya macho yake hadi wapone. Aliuawa Borama, Somaliland, mwaka 2003. Namshukuru, na ninaona haya.

Na kwa kuwa nimeshaanza kusema, wenye maduka ya dawa nao wanisikie. Mnauza vidonge vya kuua bakteria kimoja kimoja kama peremende! Mtu anakohoa, anapewa viwili vya amoksilini, anameza na chai, kesho amesahau. Vijidudu vilivyobaki hujifunza dawa ile, na mtoto wa jirani akiugua kweli, dawa haimfai, hata bingwa akiwepo. Mnaswali safu ya mbele, mashallah. Basi mcheni Mungu hata kwenye kaunta zenu.

Nirudi kwa wazee. Ukarimu wenu haufichiki. Msikiti ukipata ufa hamlali. Arusi na maziko huchangiwa kabla hata mwenyewe hajaomba. Basi katika ukarimu huo huo litengwe fungu la karo ya daktari mmoja. Kamati za basari zisiishie kwa watoto wa sekondari. Kaunti impe likizo ya masomo yenye mshahara, naye atie saini kwamba atarudi kutumikia hapa. Makhatibu walitaje Ijumaa. Na kijana akija nyumbani kuomba radhi ya kwenda kusoma, mpeni radhi na nauli. Mchumba na asubiri.