Madai Matano Kuhusu Hewa, na Majibu Yake

Wanafunzi wa gredi ya 7 hadi 9 hapa Masalani, eneo la Ijara, Kaunti ya Garissa, husikia mengi kuhusu hewa, darasani na mitaani. Baadhi ya hayo si kweli, na mwanafunzi akiyabeba hadi mtihani humponza. Haya hapa matano, pamoja na majibu yake.

Dai la 1: "Hewa tunayovuta ni oksijeni."

Hapana. Katika kila sehemu 100 za hewa kavu, 78 hivi ni nitrojeni, 21 ni oksijeni na karibu 1 ni agoni. Hata pumzi tunayotoa ina oksijeni bado, takriban sehemu 16. Ndiyo maana mtu anaweza kumpulizia pumzi aliyezimia na kumwokoa. Uwiano huo ni uleule Masalani na kileleni mwa Mlima Kenya. Anayepanda huko hutweta kwa sababu hewa yote kwa jumla ni haba, si oksijeni peke yake.

Dai la 2: "Mshumaa chini ya gilasi huonyesha kuwa oksijeni ni moja kwa tano."

Jaribio hili hufanywa sana. Mshumaa husimamishwa ndani ya sahani ya maji, hufunikwa kwa gilasi, moto huzimika na maji hupanda. Tazama vizuri, hata hivyo: maji hupanda hasa baada ya moto kuzimika, sio polepole ukiwa unawaka. Moto ulikuwa umeipasha hewa joto ikatanuka. Ilipopoa ikajikunyata, na maji yakajaza nafasi. Tena mshumaa huzima oksijeni nyingi ikiwa bado imebaki.

Jaribio la kweli lataka subira. Lowesha nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, za aina inayoshika kutu, uzisukume hadi mwisho wa chupa nyembamba, kisha uigeuze mdomo chini ndani ya maji. Iache siku kadhaa. Kutu huila oksijeni bila moto, na maji hupanda karibu moja kwa tano ya chupa, kisha hukoma.

Dai la 3: "Wakati wa ukame hewa haina maji."

Toa chupa ya soda baridi kwenye friji ya dukani uiweke mezani. Baada ya muda mfupi imelowa nje, na soda haikupenya kioo. Maji hayo ni mvuke uliokuwa hewani. Mvuke hauwi mvua mpaka hewa ipande juu na kupoa. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo ilipita bila mvua ya kutosha, mifugo ikafa kwa wingi Garissa, ilhali mvuke wa Bahari ya Hindi haukuwa umetoweka. Mwisho wa 2023 mvua za El Niño zilikuja, na Mto Tana ukafurika.

Dai la 4: "Joto linatokana na tundu la ozoni."

Ozoni nyingi iko kati ya kilomita 15 na 35 juu yetu, na kazi yake ni kuzuia miali ya jua inayodhuru ngozi na macho. Tundu lenyewe hutokea kila mwaka juu ya Antaktika, si juu ya Kenya. Kemikali zilizolisababisha zilidhibitiwa na Mkataba wa Montreal wa 1987, na ozoni inaendelea kupona. Joto linaloongezeka duniani lina chanzo kingine: gesi kama kaboni dioksidi, zinazoelezwa katika dai linalofuata.

Dai la 5: "Kaboni dioksidi ni kidogo mno, na hapa hatuna viwanda."

Ni kidogo kweli: kama 0.04 ya kila sehemu 100. Lakini nitrojeni na oksijeni haziwezi kulizuia joto linalotoka ardhini. Kaboni dioksidi, mvuke na methani huweza. Bila gesi hizo, wastani wa joto la dunia ungekuwa karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Kabla ya enzi ya viwanda, kaboni dioksidi ilikuwa sehemu 280 hivi katika milioni. Sasa imepita 420. Hewa haina mpaka: moshi wa viwanda vya mbali huchanganyika na hewa ya Ijara, na mfugaji asiye na kiwanda hulipa gharama.

Walimu, fanyeni jaribio la kutu muhula huu na waacheni wanafunzi wapime wenyewe. Nanyi wanafunzi, mtu akiwaambia jambo kuhusu hewa, mwulizeni limepimwaje.