KIDEO NA KILAJI: Bibi, nisamehe, nilikuruka

Wiki hii nina kesi. Si kesi ya polisi, ni kesi ya nyumbani, na hakimu wake ni Bibi yangu mzaa baba.

Kama unaisoma safu hii unaijua kazi yangu. Naangalia kideo, napiga moja baridi, halafu nakuja hapa kukwambia ipi imetulia na ipi imechacha. Sina cheti cha mambo ya sinema. Cheti nilicho nacho ni cha kidato cha nne, na hicho chenyewe huwa sikitoi hadharani. Ni mimi niliyesema humu kwamba Kilimanjaro, ya asilimia 4.5, ni bia ya filamu ndefu, kwa sababu utafika mwisho ukiwa bado unawatambua waigizaji. Safari yenye asilimia 5.5 nikaipeleka kwenye filamu za ngumi, ambazo hata ukisinzia nusu saa katikati, ukiamka bado wanapigana walewale. Watu wa Mwanza walinijia juu kuhusu Balimi mpaka nikaomba msamaha. Kifupi, chupa zote nimezimaliza. Kwa kuziandika, namaanisha!

Basi bwana, majuzi navuka reli hapa Katumba, mama mmoja mwenye ndoo kichwani akanisimamisha.

"Wewe ndiye mwandishi wa bia?"

Nikavimba kichwa. Nikajua huyu anataka kunisifia.

"Unaandika kama umekaa Masaki," akasema. "Si wewe mjukuu wa bibi wa pombe ya ndizi? Mbona ya kwake hatujaiona gazetini?"

Nikacheka kile kicheko cha mtu aliyekamatwa. Mama wa watu akaenda zake na ndoo yake, mimi nikabaki kwenye mataruma nimesimama kama behewa bovu.

Kwa wale wa Dar mnaodhani nchi inaishia Kibaha, ngoja niwape ramani. Katumba iko nje kidogo ya Mpanda, mkoa wa Katavi, ambao kabla ya 2012 ulikuwa sehemu ya Rukwa. Babu na Bibi waliingia Tanzania mwaka 1972 kwa miguu, wakiikimbia Burundi iliyokuwa inawaka. Makazi ya Katumba yakafunguliwa 1973, kukiwa na miombo na mbung'o tu. Wakapewa jembe na eneo la kufyeka. Miaka mingi kutoka humu mpaka uwe na kibali. Karatasi za uraia nyumbani kwetu tulizishika mwaka 2014, na siku hiyo mtaa mzima ulikunywa ya Bibi.

Hiyo ya Bibi kwa Kirundi inaitwa urwarwa. Pombe ya ndizi. Sasa sikiliza kilichonichoma. Mimi nilimaliza kidato cha nne 2015. Ada ya sekondari za kutwa za serikali ilifutwa kuanzia Januari 2016, yaani nimetoka tu, mlango ukafunguliwa! Bahati zangu hizo. Kabla ya hapo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, ukiongeza michango, sare, madaftari, na viatu ambavyo mimi nilikuwa navimaliza kama navila. Hela yote hiyo ilitoka kwenye madumu ya urwarwa. Kila herufi ninayoiandika humu nikiwasifia wenye viwanda, ililipiwa na mama mzee aliyezama mpaka viwiko kwenye ndizi. Na sijawahi kumpa hata mstari mmoja.

Nikaanza kujiuliza kwa nini. Jibu nililipata kwenye banda la video, siyo kanisani.

Zitazame filamu zetu kwa makini. Tangu enzi za Kanumba, Mungu amrehemu (alituacha Aprili 2012), ukitaka kujua nani ni nani kwenye Bongo Muvi angalia alichoshika mkononi. Bosi ana glasi ndefu ya mvinyo. Kijana mjanja ana bia ya chupa, na kibandiko kimegeuzwa kamera ikione. Anayekunywa kwenye kopo la plastiki ni nani? Ni mlevi wa kijijini, baba anayepiga mke, mjomba anayeuza shamba la urithi, au chizi wa kuchekesha. Hata marehemu King Majuto, ambaye mimi nilimpenda kufa, akishika kopo la kienyeji ujue kinachofuata ni kuanguka mtaroni. Tumecheka miaka yote hiyo, na mimi nimecheka kuliko wote. Ila hakuna aliyegeuza kamera kidogo tu, imwone aliyeipika.

Chukua Binti, ile ya Seko Shamte ya mwaka 2021 iliyoingia Netflix mwaka uliofuata. Naikubali, tena sana. Wanawake wanne, hadithi nne. Kuna mwenye duka na madeni yake, kuna bibi harusi mtarajiwa ambaye mchumba wake mkono mwepesi, kuna anayetafuta mtoto... Binamu yangu wa kike aliiangalia bila kusema neno, akazima simu, akaenda kufua usiku. Filamu ikimfanya mtu afue usiku, ujue imempata. Mimi nilitamani mwanamke wa tano. Huyo asiwe na gari wala ofisi. Awe anaamka saa kumi alfajiri kuchuja pombe ili mjukuu apate viatu. Iwekwe kama kazi, bila kinanda cha huzuni kule nyuma.

Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji nayo ni ya 2021, ilionyeshwa Toronto mwaka huohuo na ikapelekwa Oscar kwa niaba ya Tanzania. Imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi. Zanzibar ya miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, binti Yasmin anamkimbia mume mzee aliyeozwa, anakutana na Denge, mtu wa siasa kali. Mara ya kwanza nililala. Sifichi. Mara ya pili nikakaa na kahawa chungu ya tangawizi (huwezi kuiangalia Zanzibar ile na chupa ya bia mkononi, utaona aibu mwenyewe), na hapo ikanishika. Rangi zake, vivuli vyake, ile mitaa! Ila aliyeniteka ni Mwajuma, yule rafiki anayempokea Yasmin. Hana cheo, hana chama, lakini bila mlango wake kufunguliwa hakuna hadithi. Nikamkumbuka mtu.

Sasa turudi kwenye kilaji chenyewe. Wenzetu wa Ulaya na Marekani siku hizi wamechoka na bia za viwanda vikubwa, wote wanakimbilia vile viwanda vidogo vya mikono. Na unajua wanacholipia hela nyingi? Bia yenye ukungu! Haijachujwa sana, machicha yanaelea, ukiinyanyua kwenye mwanga huoni ng'ambo, na wao wanasema hapo ndipo utamu ulipo. Ubelgiji, pale Brussels na vijiji vya jirani, kuna bia wanaiita lambic ambayo hawaitii chachu kabisa. Wanaiacha wazi usiku, chachu ya hewani ije yenyewe. Halafu inakaa kwenye mapipa miaka. Watu wanapanda ndege kwenda kuionja! Mbelgiji huyuhuyu ndiye aliyekuwa mkoloni wa Burundi. Bibi anatoa pombe yenye ukungu hapa Katumba tangu kabla baba yangu hajazaliwa, na aliyepanda chombo kuifuata ni mzee mmoja tu, tena baiskeli, tena anakopa.

Naomba tuelewane hapo. Siisemei gongo. Gongo ni moto wa chupa, imepofusha na imeua, na wala sitaki kuiona. Na viroba vilipopigwa marufuku Machi 2017 mimi nilipiga makofi, maana nilishaanza kuona wanafunzi wa rika la mdogo wangu wanavinyonya kama maji ya barafu. Ninayoisemea ni pombe iliyopikwa mchana kweupe, na mtu anayejulikana jina lake mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji.

Nikamwendea Bibi. Nikamwambia Bibi, wiki hii nataka nikuandike gazetini. Akaniangalia, akasema, "Mjukuu wangu, umechelewa. Mimi nimeacha."

Kumbe! Naishi naye kiwanja kimoja na sijui. Tangu Pasaka hajavundika ndizi. Vidole havikunji tena, na binamu yangu (yule wa kufua usiku) amekataa kurithi. Binamu anasema atauza vocha, atasuka nywele, atafanya lolote lenye jina la mjini, lakini hataki kuitwa mama pombe. Simlaumu. Nimemwambia habari za Ubelgiji, akaniuliza kama Mbelgiji huyo anaweza kumtafutia mume.

Basi nikasema nitapika mimi! Mkungu wa kwanza mpaka wa nne nikakata mwenyewe. Kwa msiojua, kazi iko hivi. Ndizi mbichi unazivundika: unachimba shimo, unalitandika majani ya mgomba, unazipanga, unafunika kwa majani na udongo. Siku tano, sita, zimeiva zote kwa pamoja. Unamenya, unazitia kwenye mtumbwi wa mti, unazikanda na nyasi kavu mpaka ziteme maji. Hayo maji unayachuja na kuongeza maji kidogo, na mpaka hapo ni juisi tu, hata mtoto anakunywa. Unatia unga wa mtama uliokaangwa, unafunika, unaacha mahali penye joto. Siku mbili tatu inachemka yenyewe bila moto.

Mimi nilifukua siku ya tatu. Haraka ya nini? Eti nilitaka iwahi Jumamosi, kwenye banda la video la mshikaji wangu, niwaonyeshe washkaji Vuta N'Kuvute na wanywe urwarwa, halafu niwaandikie nyie. Ndizi zilikuwa nusu mbichi, utomvu umeganda mikononi kama gundi ya viatu. Maji yakagoma kutoka, nikaongeza ya kisimani bila kipimo. Mtama nikauunguza. Yote hayo nikayaona, na bado nikabeba dumu.

Vijana walikuwa kama ishirini. Dakika ya kumi mmoja akauliza lini wanaanza kupigana. Dakika ya ishirini wakadai Commando, ile ya Schwarzenegger, tena yenye mtafsiri anayepiga kelele kama Lufufu. Dumu likapita. Wa kwanza akakunja uso. Wa pili akaniuliza kama nimeosha dumu la mafuta ya taa. Wa tatu akatoka nje na hakurudi, na wengine wawili wakamfuata kwa sababu ambazo gazeti haliwezi kuchapa. Jamaa mmoja kutoka kona akapaza sauti: "Si tulisema, pombe ya wakimbizi hiyo!" Banda zima likacheka. Na yule aliyesema, wallahi, bibi yake na Bibi yangu walivuka mpaka siku moja.

Hapo sikuwa na la kuandika. Nilichukua dumu langu, nikaondoka. Commando ilikuwa imeshaanza.

Nyumbani Bibi alikuwa bado macho, kakaa nje na kanga begani. Sikumwambia kilichosemwa bandani. Akaomba aonje. Nikamkatalia, akanyoosha mkono vilevile, nikammiminia kidogo. Akaionja, akaizungusha mdomoni, akaitema kwenye majivu.

"Umefukua siku ya ngapi?"

"Ya tatu, Bibi."

"Na mtama umeunguza."

"Nimeunguza."

Akanyamaza muda mrefu. Nikajua natafutiwa tusi la Kirundi. Badala yake akamwita binamu, akamwambia alete kile kigoda kifupi, akakiweka kando ya mtumbwi wa kukamulia ambao ulikuwa umelala kifudifudi tangu Pasaka. Tukaugeuza mimi na binamu. Ndani kulikuwa na kuku anaatamia.

"Kuku akitoka tunaanza," Bibi akasema. "Wewe utakanda, mimi nitasema. Na wewe," akamgeukia binamu, "utakaanga mtama, maana huyu hana macho."

Binamu akaguna, hakujibu. Ila jana nimemkuta anapepeta mtama. Sikumuuliza.

Kuku ametoka Jumanne na vifaranga saba. Ndizi tumezifukia Jumatano, mikungu mitano, na Bibi amekataza mtu yeyote kukaribia lile shimo, hasa mimi. Wiki ijayo nitawaletea Eonii, ile filamu ya kisayansi ya Kibongo ya mwaka 2023, nina maneno nayo mengi. Kinywaji chake bado kiko shimoni.