Ukulima: Kuchagua Mbegu za Mnazi

Mkulima wa pwani apandaye mnazi mrefu wa asili hungoja miaka 6 hadi 8 ndipo aangue nazi za kwanza. Kwa hiyo mbegu mbaya ni hasara isiyoonekana upesi: mti hupaliliwa miaka yote hiyo, kisha huzaa haba. Dawa yake ni kuchagua mapema, kitaluni.

Mbegu njema hutoka katika mnazi mzima uzaao sana kila mwaka. Nazi na iwe imekomaa kabisa, yapata miezi 12; ikitikiswa, maji yasikike ndani. Hulazwa kwa ubavu, ikafukiwa hadi theluthi mbili, na kutiwa maji wakati wa kiangazi.

Baada ya hapo hapana budi kusubiri, maana chipukizi huchukua miezi 3 au zaidi kutokeza. Miche iliyotangulia kuota, yenye shina nene, ndiyo ya kupandwa. Nazi ambazo hazijaota ifikapo mwezi wa 6 zaondolewa. Wengi huzionea huruma, wakazitumia kuziba mapengo shambani. Lakini amhurumiaye mche dhaifu leo huwarithisha watoto wake mnazi usiozaa.