Jarida la Wanafunzi na Hongo ya Unyanyembe

Kwamba wanafunzi wanaweza kuendesha jarida la elimu si jambo la kubishaniwa tena. Novemba 1969 wanafunzi wa Chuo cha Dar es Salaam walitoa Cheche. Mwaka 1970 lilichapa makala ya Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka, na Novemba ya mwaka huo likapigwa marufuku. Umri wake ulikuwa mfupi, sifa yake ni ndefu. Walakini lilikuwa na ila ambayo wasifuji wake huipita kimya: jina lilikuwa la Kiswahili, mwili ulikuwa wa Kiingereza.

Ila hiyo yaweza kusamehewa katika jarida la siasa ya dunia. Haisameheki katika jarida linalodai kuchunguza nchi moja na watu wake. Mfano ni Tabora. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe. Hapo njia ikagawanyika, moja kwenda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walichukua pembe mabegani hadi pwani, wakarudi na nguo, shanga na bunduki. Hapo ndipo Mtemi Isike, Januari 1893, alipowasha baruti ndani ya ngome yake badala ya kujisalimisha kwa Wajerumani.

Ni nani walioeleza habari hizi? Burton alifika Kazeh mwaka 1857, na kitabu chake kikatoka London mwaka 1860. Bennett aliandika juu ya Mirambo mwaka 1971. Unomah alitoa tasnifu juu ya Unyanyembe huko Ibadan mwaka 1972. Rockel aliwaandikia wapagazi kitabu kizima mwaka 2006. Kazi hizi zina manufaa, na zote ni za Kiingereza. Kando yake, kitabu cha Kabeya cha Kiswahili juu ya Mtemi Mirambo kinasimama kama yatima. Pembe ziliondoka Unyanyembe zikawa mapambo na vinanda ng'ambo. Sasa elimu inafuata njia ile ile, na mwenyeji anabakiwa na sugu ya bega.

Watetezi wa desturi hii husema Kiswahili hakitoshi kwa elimu. Njia yenyewe inawakanusha. Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Velten alitoa Safari za Wasuaheli mwaka 1901. Wataalamu wa Ujerumani waliyasoma maandishi haya kama elimu kabla Afrika Mashariki haijawa na chuo kikuu hata kimoja. Lugha iliyomtosha mwenye pembe itampungukiaje mwanafunzi? Tena maandishi hayo yana pengo: matajiri wa misafara walisema, wapagazi hawakuulizwa. Nyimbo zao, majina ya kambi zao na ujira wao ni kazi inayomngoja kijana mwenye daftari na masikio, ambaye mzee wa Ipuli atamjibu kwa lugha wanayoielewa wote wawili.

Hoja ya pili ni kwamba mwanafunzi hukaa chuoni miaka michache, akaondoka, na jarida likafa. Hoja hii ni dhaifu kuliko ya kwanza. Misafara mingi ilibadilisha wapagazi ilipofika Tabora, na mzigo ukafika. Kinachoua majarida si kuondoka kwa wahariri, bali ni kukosa wasomaji wanaoudai mzigo. Na wasomaji hao hawapatikani kwa lugha wasiyoisoma.

Zamani hongo haikuwa rushwa. Ilikuwa haki ya mwenye nchi, na msafara haukupita bila kuilipa. Mwanachuoni apitaye katika nchi ya watu, akakusanya habari zao na kupata shahada kwazo, anadaiwa hongo hiyo: makala ya Kiswahili itakayosomwa Tabora. Jarida lisiloidai kwa waandishi wake halichunguzi nchi, linaipita tu.