Mti unakatwa Kongo, ubao unauzwa Kampala: hesabu ya moshi inabakia kwa nani?

Asubuhi kwenye barabara ya Minova, Kirotshe na Sake, mifuko ya makala inasubiri gari la kuelekea Goma. Kwa mama anayepika maharagwe, hayo ni chakula cha watoto. Kwenye makaratasi ya mikutano ya tabianchi, mti uliochomwa kupata makala ni deni la Kongo.

Tangu mwaka 2022 Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Somalia iliingia kamili mwaka 2024, na sasa nchi ni 8. Jumuiya iko na sera ya mabadiliko ya tabianchi, lakini haina lengo moja la kupunguza gesi zinazopasha dunia joto. Kila nchi imeahidi peke yake, kufikia 2030: Rwanda asilimia 38, Kenya 32, Uganda 24.7, Tanzania kati ya 30 na 35, Kongo 21.

Mtu akisoma haraka atasema Kongo ni mvivu. Si hivyo. Kila nchi inapima na moshi ambao ingetoa kama isingefanya kitu, na kila moja ilifanya makadirio yake yenyewe. Ni sawa na kulinganisha mifuko ya makala bila kuangalia ukubwa wa mfuko. Tena, kwenye ile 21 ya Kongo, 2 tu ndizo nchi inasema itafikia kwa nguvu yake. 19 zinangojea feza za inje.

Mkataba wa Paris wa 2015 unaruhusu nchi za jumuiya moja kutoa ahadi ya pamoja kisha kugawana. Ulaya walifanya hivyo hata mbele ya Paris. Mwaka 1998, wakiwa nchi 15, waliahidi kupunguza asilimia 8 kwa jumla. Ujerumani ilibeba kupunguza 21, Luxembourg 28, na Ureno iliyokuwa na uchumi mdogo iliruhusiwa kuongeza 27. Mwaka 2004 nchi 10 zingine ziliingia, na mgawanyo wa 2009 ukaangalia utajiri wa kila mmoja: kwa usafiri, nyumba na kilimo, Denmark ilipewa kupunguza 20 kufikia 2020, Bulgaria ikaruhusiwa kuongeza 20.

Je, kanuni hiyo ingesaidia Kongo? Kwa utajiri, ndiyo: Mkongomani wa kawaida ni maskini kuliko Mkenya, basi mzigo wake ungekuwa mwepesi. Lakini Ulaya waligawana sana sana moshi wa magari, viwanda na majumba. Kwa Kongo, sehemu kubwa ya gesi inatoka kwenye pori linalokatwa.

Hapo ndipo kuko shida. Kwa kanuni za hesabu, mti unaandikwa pale ulipokatwa. Mbao za mashariki mwa Kongo zinavuka mpaka wa Kasindi na mingine, zinajenga Uganda na Kenya. Mnunuzi anapata ubao, Kongo inabaki na kisiki na deni. Vita nayo inaongeza: wakimbizi wa Masisi waliojazana kando ya Goma walikata miti ya Virunga ili wapike. Nani angemwambia mama wa kambini azime mbabula yake?

Kwa hiyo, siku Jumuiya itafikiria lengo la pamoja, kugawana asilimia peke yake hakutatosha. Itabidi kugawana pia hesabu ya mbao zinazovuka mpaka, na feza. Mwaka 2021 huko Glasgow, Kongo iliahidiwa dola milioni 500 kwa miaka 5 ili kulinda pori. Mlinzi wa pori asipopata nishati nyingine ya kupikia, atarudia shoka.

Kila miaka 5 nchi zinapaswa kutoa ahadi mpya. Kongo iko na viti 9 kwenye Bunge la Jumuiya huko Arusha, sawa na kila nchi mwenzake. Swali la kuuliza wanaokalia viti hivyo ni fupi: ubao ukishavuka mpaka, mbona deni halivuki nao?