Matanga yakiisha, nani atakunywa chai na mzee?

Leo ningependa tumzungumzie mtu ambaye huenda ni babako au babu yako: yule mzee aliyebaki peke yake kule Saboti baada ya mama kuzikwa.

Bila shaka unazikumbuka siku zile. Mlichangishana jijini, mkakodi basi, mkasafiri usiku kucha hadi Kitale, kisha mkashika njia ya Saboti, chini ya Mlima Elgon. Boma lilifurika watu. Kulikuwa na mahema, masufuria makubwa, kwaya na hotuba. Siku ya tatu baada ya mazishi, kama ilivyo desturi ya Wabukusu, jamaa waliketi, nywele zikanyolewa na madeni ya marehemu yakaulizwa. Halafu kila mtu akashika hamsini zake. Wewe ulikuwa na kazi, watoto nao walikuwa na shule.

Je, mzee alibaki na nani?

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wazee wengi wa huko walitoka Bungoma baada ya Uhuru wa 1963, wakanunua ekari chache katika mashamba yaliyokuwa ya walowezi. Walilima bega kwa bega na wake zao. Kwa hivyo mama akiondoka, haondoki nyumbani pekee. Anaondoka shambani pia. Mvua ya Machi ikinyesha, mzee husimama mlangoni asijue mbegu za maharagwe ziliwekwa chungu kipi. Jioni anaweka vikombe viwili mezani, anakumbuka, anarudisha kimoja.

Naye hatakwambia. Tangu alfajiri ile alipotahiriwa akiwa kijana, akasimama wima mbele ya umati bila kupepesa jicho, amejua kwamba mwanamume haonyeshi uchungu. Ukimpigia simu atakujibu, "Mimi niko salama, mwanangu." Usiridhike na jibu hilo.

Jambo hili si la mzaha. Mnamo 1969 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha matokeo ya utafiti kuhusu wagane, yaani wanaume waliofiwa na wake zao, 4,486 wenye umri wa miaka 55 na zaidi. Katika miezi sita ya kwanza walifariki 213, idadi iliyozidi kwa asilimia 40 ile iliyotarajiwa kwa wanaume wa umri wao walio na wake. Ongezeko kubwa zaidi lilitokana na maradhi ya moyo. Kumbe wahenga wetu hawakukosea waliposema huzuni huua.

Sisi hufanya nini katika miezi hiyo sita? Wengi wetu huulizana swali moja tu: nani atampikia? Wengine huanza kumtafutia mke kabla udongo wa kaburi haujakauka. Kuoa tena si kosa, mradi shauri liwe lake mwenyewe. Lakini mzee hakupoteza mpishi. Alipoteza mtu aliyejua alivyokuwa kabla hajawa mzee.

Kuna jambo jingine. Akifa mzee wa Kibukusu anayeheshimika, huenda akaitwa msemaji wa kumuse. Huyo hutembea huku na huko mbele ya umati, fimbo mkononi, akisimulia habari za ukoo na kuwaonya walio hai. Kwa kawaida mama hafanyiwi kumuse. Basi msimulizi wake ni nani, kama si yule mgane aliyeishi naye? Yeye ndiye ajuaye jinsi mama alivyouza kuku ukapata karo, na wimbo aliokuwa akiuimba akipalilia. Mzee akinyamaza, mama anazikwa mara ya pili.

Kwa hivyo, msomaji wangu, likizo ijayo usipeleke sukari na unga pekee. Peleka watoto. Waketi miguuni pa kuka wao wamwulize, "Kukhu alikuwa mtu wa namna gani? Mlikutana wapi?" Lisikwepwe jina lake. Akilia, mwache alie. Akicheka, chekeni naye. Nendeni pamoja kaburini mkang'oe magugu. Ikiwa msimu ni wa kupanda, shika jembe umfuate mtaroni, kwa maana kazi ya mikono hufungua kinywa cha mwanamume kuliko maswali.

Na ikiwa nauli haipo, piga simu, lakini usiulize afya peke yake. Mwambie, "Baba, leo nimemkumbuka mama." Kisha nyamaza, umsikilize.

Ukiona amekataa chakula kwa siku nyingi, halali, au anasema hana haja ya kuishi, usingoje likizo. Mwombe jirani ampeleke kwa daktari, nawe upande gari siku hiyo hiyo.

Matanga ya umma huisha siku ya tatu. Ya mzee ndiyo kwanza huanza. Hadi Jumapili ijayo, kaeni salama.