Kalamu Nyepesi, Sahihi Nzito

Kama nyumbani kwako kuna vijana, bila shaka wazijua kelele za siku ambayo Barcelona na Real Madrid wanakutana. Wa huku hawasemezani na wa kule, na chai hupoa mezani bila mnywaji. Leo nataka nikusimulie habari za mwanasoka aliyezichezea timu zote mbili, akashangiliwa na kulaaniwa katika uwanja ule ule mmoja. Hata kama wewe si mpenzi wa kandanda, nisikilize hadi mwisho, kwani kisa chenyewe kinahusu kalamu na karatasi kuliko kinavyohusu mpira.

Jina lake ni Luís Figo. Alizaliwa tarehe 4 Novemba 1972 nchini Ureno, akalelewa Cova da Piedade, ng'ambo ya mto Tagus ukitoka jijini Lisbon. Alianza kusakata gozi katika timu ya mtaani iliyoitwa Os Pastilhas, na alipofika umri wa miaka 12 hivi alikuwa tayari amechukuliwa na klabu ya Sporting. Mwaka wa 1991 alikuwa miongoni mwa chipukizi wa Ureno walioishinda Brazil kwa mikwaju ya penalti na kunyakua Kombe la Dunia la Vijana, nyumbani kwao Lisbon, mbele ya watazamaji zaidi ya 120,000.

Figo alikuwa winga wa kulia. Wako mawinga waliomshinda kwa mbio, lakini yeye alikuwa na kiuno na akili. Angemkabili beki uso kwa uso, aegemee upande mmoja kana kwamba anapita huko, na beki alipofuata, Figo na mpira wake walikuwa wameshaondokea upande wa pili. Kisha angemwaga krosi iliyofika kichwani mwa mwenzake kama barua iliyoandikwa anwani vizuri.

Sasa tuje kwenye kalamu. Mwaka wa 1995, mkataba wake na Sporting ukielekea ukingoni, vilabu vya Italia vilimmezea mate. Kijana akatia sahihi karatasi za Juventus, na akatia sahihi karatasi za Parma pia. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Figo zilimponyoka zote mbili, kwa sababu wakuu wa soka wa Italia walimpiga marufuku kuhamia nchini mwao kwa miaka miwili. Bahati yake ni kwamba Barcelona, iliyokuwa chini ya kocha Johan Cruyff, ilimfungulia mlango.

Huko alipendwa kama mwana wa nyumbani. Alishinda Kombe la Washindi barani Ulaya mwaka wa 1997, akatwaa ligi ya Uhispania mwaka wa 1998 na 1999, na aliwahi kuvaa utepe wa nahodha. Watoto wa Barcelona walitembea na jina lake mgongoni.

Halafu ukaja mwaka wa 2000. Real Madrid walikuwa na uchaguzi wa rais wa klabu, na mfanyabiashara Florentino Pérez alikuwa akiwania kiti hicho. Aliwaahidi wanachama kwamba akishinda atamleta Figo, na akishindwa kumleta atawalipia ada zao. Wengi walicheka. Hawakujua kwamba wakala wa Figo alikuwa ameshatia sahihi makubaliano na Pérez, yenye faini nzito iwapo mchezaji angekataa kuja. Huku nyuma, Figo alikuwa akiwahakikishia watu wa Barcelona kwamba haendi popote.

Pérez akashinda. Karatasi ikadai haki yake. Julai 2000 Figo alisimama jijini Madrid akiinua jezi nyeupe, kwa kitita cha peseta bilioni 10, karibu yuro milioni 60. Hakuna mchezaji aliyekuwa amewahi kununuliwa kwa bei hiyo duniani. Figo mwenyewe amesema baadaye kwamba alihisi Barcelona hawakumthamini ipasavyo. Huenda ni kweli. Lakini waliosikia ahadi yake hawakutaka kusikia sababu.

Tarehe 23 Novemba 2002, Figo alikwenda kupiga kona katika uwanja wa Barcelona. Vikamwagika kutoka jukwaani chupa, sarafu, hata kichwa cha nguruwe. Refa alilazimika kusimamisha mchezo kwa zaidi ya dakika 10. Mtu yule yule, kona ile ile ambako miaka michache nyuma aliimbiwa!

Usidhani basi kwamba maisha yake yaliharibika. Alituzwa Mpira wa Dhahabu mwaka wa 2000, na FIFA ikamtaja mchezaji bora wa dunia mwaka wa 2001. Akiwa Madrid alishinda ligi mara mbili na Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mwaka wa 2002. Mwaka wa 2004 alionja uchungu Ureno ilipolazwa na Ugiriki 1-0 katika fainali ya Kombe la Ulaya, jijini Lisbon. Aliichezea nchi yake mechi 127 na kuifungia mabao 32. Alistaafu mwaka wa 2009 akiwa Inter ya Milan, ambako alitwaa taji la ligi katika kila mmoja wa misimu yake minne.

Mataji hayo yote hayakufuta Julai ile. Mwaka wa 2022, miaka 22 baadaye, filamu ilitengenezwa kuhusu uhamisho huo, na wahusika bado walikuwa wakibishana ni nani aliyetia sahihi nini, na nani alijua.

Mzazi mwenzangu, mwanao huenda asiwe Figo. Lakini ipo siku ataletewa karatasi: ya kazi, ya mkopo, ya nyumba ya kupanga, au ya rafiki anayetafuta mdhamini. Atakayeileta atakuwa na haraka, tena atasema ni jambo dogo tu. Mfundishe kuomba siku moja ya kuisoma. Mfundishe pia kwamba atakayemruhusu kuahidi kwa niaba yake amempa jina lake lote. Nawe mwanafunzi, ukishasema "siendi", hakikisha hakuna karatasi mahali inayosema unakwenda.

Ahadi ni deni, msomaji wangu. Tukijaliwa, tukutane Jumapili ijayo. Alamsiki.